Siku Nane za Kimya: Tathmini ya Huduma ya Mafungo ya Kuongozwa

Mwezi uliopita nilikaa siku nane katika nyumba ya mafungo inayoendeshwa na masista katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nikifanya mafungo ya kimya ambayo kila mtu huongozwa peke yake. Nyumba yenyewe sitaitaja, kwa sababu katika maelezo yangu limo jambo moja lililoniudhi sana, nami sipendi kuwaaibisha hadharani watu walionipokea kwa upendo. Hata hivyo huduma niliyoipata hutolewa kwa utaratibu unaofanana na huo katika nyumba nyingi za mafungo, kwa hiyo anayefikiria kwenda anaweza kuyatumia maelezo haya popote atakapojiandikisha. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa natafuta mahali pa kwenda, niliambiwa bei, idadi ya vitanda na namna ya kufika, lakini hakuna aliyeniambia ni kwa kipimo gani nitajua kwamba mafungo yamekuwa mazuri. Sasa nadhani ninakijua kipimo hicho.

Ada ilikuwa shilingi 40,000 kwa siku, yaani 320,000 kwa siku zote nane, ikijumuisha malazi, milo mitatu, chai ya saa nne na mazungumzo ya kila siku na mwongozaji. Kwa mwalimu mstaafu hizo si fedha ndogo, lakini sikuona mahali zilipopotea. Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha futi tatu, meza, kiti, msalaba juu ya kitanda, na misumari mitatu ukutani ya kutundikia nguo. Nilikuwa nimekuja na sanduku lenye mashati saba, koti na jozi tatu za viatu, na jioni ile ya kwanza nilisimama katikati ya chumba nikitafuta kabati kwa macho hadi nilipoelewa kwamba halipo. Shati nikalitundika kwenye msumari wa kwanza, suruali kwenye wa pili, koti kwenye wa tatu, na vingine vyote vikabaki sandukuni chini ya kitanda. Masista walikuwa wametupatia beseni na sabuni ya kufulia, na jua la mchana lilitosha kukausha. Nilipofunga sanduku siku ya kuondoka, mashati matano yalikuwa bado na mikunjo ya pasi ya nyumbani.

Baada ya chakula cha usiku wa kwanza, sista anayesimamia nyumba alipitisha kikapu cha ukindu kilichotandikwa kitambaa cheupe. Kila mmoja alizima simu yake, akaifunga kwa kipande cha karatasi chenye jina lake, akaiweka. Hakuna aliyelazimishwa. Tulikuwa tumeelezwa mapema kwamba tuwaachie jamaa zetu namba ya ofisi ya nyumba, ili likitokea jambo la dharura tuitwe, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa nyumbani aliruhusiwa kubaki na simu yake chumbani bila kuulizwa mengi. Niliona hilo ni jambo la busara, kwa sababu kanuni isiyojua kumhurumia mtu hugeuka nayo kuwa kitu cha kung'ang'aniwa. Mimi nilidhani kuachana na simu kutakuwa rahisi, maana nimeishi miaka mingi kabla hazijakuwepo. Siku iliyofuata mkono wangu ulikwenda mfukoni nikiwa nimeketi kikanisani, ukaenda tena nikiwa njiani kwenda kunywa chai, na tena nikiwa nimesimama nikitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni. Kabla ya chakula cha mchana nilihesabu mara kumi na moja, halafu nikaacha kuhesabu. Sikuwa nasubiri habari yoyote. Mkono ulikuwa unatafuta tu kitu cha kushika.

Ratiba haikuwa na mengi. Kengele ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukasali Masifu ya Asubuhi saa kumi na mbili, kisha Misa, kifungua kinywa, na baada ya hapo siku nzima ilikuwa mikononi mwetu hadi Masifu ya Jioni. Kila mshiriki alitakiwa kusali saa nne kwa siku, kila saa kwa wakati wake, akitumia kifungu kimoja cha Maandiko Matakatifu alichopewa, na mara moja kwa siku kukutana na mwongozaji wake kwa nusu saa. Hakukuwa na semina wala mihadhara, isipokuwa siku moja ambayo nitaieleza. Anayezoea mikesha na makongamano yetu ya mijini, yenye vipaza sauti na kwaya tatu zikipokezana, ataona siku mbili za mwanzo ni ngumu kupita kiasi, na ni vyema ajue hivyo mapema. Siku ya pili mchana nilitaka kuondoka. Siku ya tatu niligundua kwamba nimekaa kikanisani muda mrefu kuliko nilivyotakiwa, na hakuna aliyenihimiza.

Mtindo huu wa mafungo ulianzia kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, na inafaa kumfahamu kidogo, kwa kuwa maisha yake yanaeleza vizuri kuliko nadharia yoyote maana ya Mkristo kujinasua na malimwengu. Mwaka 1521 Inyasi alikuwa mtu wa vita anayependa sifa, akajeruhiwa mguu na mzinga katika mapigano ya Pamplona huko Hispania. Mfupa ulipounga vibaya na kutokeza chini ya goti, aliwaomba waganga waukate, ijapokuwa walimwonya kwamba maumivu yatazidi yote aliyokwisha kuyapata. Alikuwa tayari kuteseka hivyo kwa sababu uvimbe ule ungemzuia kuvaa buti za kubana alizozipenda. Mtu huyo ndiye ambaye mwaka uliofuata, akiwa Montserrat, alimvulia maskini mmoja mavazi yake ya thamani, akavaa nguo ya gunia, na kuuacha upanga wake mbele ya altare ya Bikira Maria.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi, na mara nyingi huishia hapo, kana kwamba kuvua ndiko kufika. Mwongozaji wangu, ambaye alikuwa sista, hakuishia hapo. Alinieleza kwamba yule maskini alikamatwa akidhaniwa mwizi, kwa kuwa watu hawakuamini kwamba mavazi kama yale yangeweza kuwa yake, na Inyasi alipopata habari alilia. Akanieleza pia kwamba huko Manresa, ambako Inyasi alikaa kwa miezi mingi akisali na kuishi kwa kuombaomba, aliziacha nywele na kucha zake zikue ovyo kwa sababu zamani alikuwa akizitunza kwa majivuno, lakini baadaye, moyo wake ulipotulia katika Mungu, alirudi kuzikata kama watu wengine. Nililitafakari jambo hilo la kucha kwa saa nzima. Mtu anayeziacha kucha zake zimpasue ili asiwe mtu wa majivuno bado anaziwaza kucha. Alipoweza kuzikata bila kuziwaza, hapo ndipo alipokuwa huru nazo.

Mafunzo ya safari hiyo ya ndani aliyaandika katika Mazoezi ya Kiroho, ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548, na mwaka 1922 Papa Pius XI akamtangaza Inyasi kuwa msimamizi wa mafungo ya kiroho. Mazoezi kamili huchukua siku kama thelathini; haya ya siku nane ni ufupisho wake. Mlango wa kuingilia ni maneno machache yanayoitwa Kanuni na Msingi, nami nilipewa kuyasali siku ya pili na ya tatu. Yanasema kwamba mwanadamu ameumbwa ili amsifu, amheshimu na kumtumikia Mungu, na kwamba vitu vingine vyote viliumbwa kwa ajili yake, vimsaidie kufika huko. Kwa hiyo avitumie kadiri vinavyomsaidia, na aachane navyo kadiri vinavyomzuia. Kisha linakuja fungu gumu: kwamba katika yale tuliyoachiwa tuamue wenyewe, tusitake afya kuliko ugonjwa, wala utajiri kuliko umaskini, wala heshima kuliko dharau, wala maisha marefu kuliko mafupi, bali tutake na kuchagua lile tu linalotufikisha kwenye lengo tuliloumbiwa.

Nilipoyasoma mara ya kwanza niliona ni maneno ya mtu asiye na mke. Nikamwambia sista hivyo, naye hakukasirika. Aliniambia kwamba kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani kwamba Inyasi anadai mtu asijali, jambo ambalo kwa mzazi, kwa mume au kwa mkulima lingekuwa dhambi. Akaniuliza kama naikumbuka mizani ya dukani ya zamani, ile yenye sahani mbili na mawe ya chuma. Nilimjibu kwamba naikumbuka, maana mjomba wangu alikuwa na duka na mimi ndiye niliyekuwa nikipima sukari. "Basi, Mwalimu," akasema, "mizani ile kabla hujaweka kitu inasimamaje?" Nikasema inasimama sawa. "Na kama kuna mtu amegandisha nta chini ya sahani moja?" Sikuwa na haja ya kujibu, kwa kuwa najua walanguzi walivyokuwa wakigandisha nta chini ya sahani, na najua kwamba mizani ya namna hiyo haiwezi kupima kitu chochote kwa haki, hata aliyeishika akiwa mtu mwema. Mfano huo wa mizani umo katika maandishi ya Inyasi mwenyewe. Kazi ya siku nane, alisema sista, ni kutafuta nta iko wapi.

Nta yangu ilikuwa shamba. Nilipostaafu nililipwa mafao yangu, na sehemu kubwa nikaitumia kununua ekari tatu nje ya mji, mahali pazuri penye kijito, nikapanda miparachichi, mingine nikiibebesha kwa mkono wangu. Nia yangu ni kujenga hapo na kuhamia. Mke wangu ana shinikizo la damu na huhudhuria kliniki kila mwezi, na barabara ya kwenda shambani wakati wa masika haipitiki kwa gari dogo. Yeye ameomba mara kadhaa tuuze nusu ya shamba, tununue nyumba ndogo karibu na hospitali na karibu na wajukuu. Kila alipoomba nilimjibu kwa Maandiko. Nilimwambia kwamba shamba ni baraka, kwamba Mungu ndiye aliyetupa, kwamba anayeuza baraka anamdharau aliyetoa. Naandika maneno haya kwa uchungu, kwa sababu niliyasema nikiyaamini.

Nilipolileta jambo hilo kwa sista, ambaye ni mdogo kwa umri kuliko binti yangu wa kwanza, swali lake la kwanza halikuwa la kiroho kwa namna niliyoitegemea. Aliuliza shamba ni la nani, lilipatikanaje, na kama kuna ndugu au jirani anayelidai. Nilimjibu kwamba ni langu kwa hati na hakuna anayelidai. "Vizuri," akasema, "maana kama lingekuwa la mtu mwingine tusingekuwa na la kutafakari hapa, ungekwenda kulirudisha." Nawashauri wote watakaofanya mafungo haya walizingatie swali hilo. Nimewasikia watu wakizungumza kwa machozi juu ya kuacha malimwengu huku wamewashikia wajane viwanja vyao, na hakuna kiongozi wa kiroho aliyewauliza lolote.

Siku ya tano nikapewa tafakari ya makundi matatu ya watu, na kwa maoni yangu hii peke yake inafaa nauli na ada yote. Inyasi anawaweka mbele yetu watu waliopata dukati 10,000, fedha nyingi sana za dhahabu kwa wakati ule. Hawakuziiba, lakini hawakuzipata pia kwa ajili ya kumpenda Mungu peke yake, na wote wanahisi kwamba mioyo yao imenasa kwenye fedha hizo na wangependa kunasuka wapate amani. Kundi la kwanza wanatamani kunasuka, wanasema watanasuka, na saa ya kufa inawakuta hawajachukua hatua hata moja. Kundi la tatu wanataka kunasuka kiasi kwamba hawashikilii kubaki na fedha wala kuziacha. Wanasubiri kuona Mungu anawaelekeza wapi, na wakati huo wote wanajiweka moyoni kama watu waliokwisha kuziachilia. Katikati yao wako wale wa kundi la pili, nao wanataka kweli kuondoa mnaso wa moyo, ila wanataka kuuondoa na fedha wabaki nazo, hivyo kwamba Mungu ndiye aje pale wanapotaka wao.

Kundi la pili hufanya mengi mema, husali, hufunga, hutoa zaka, ilimradi kile kitu kimoja kisiguswe. Mtakatifu Yohane wa Msalaba aliandika kwamba ndege aliyefungwa kwa uzi mwembamba haruki, sawasawa na aliyefungwa kwa kamba nene, mpaka uzi ukatike. Nami nilitumia sehemu kubwa ya siku ile nikijithibitishia kwamba wangu si uzi. Jioni nilimwambia sista kwa furaha kwamba nimesali na nimepata amani, na kwamba naona Mungu anataka nibaki na shamba langu lote.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza, "Amani hiyo, Mwalimu, uliipata baada ya kumwuliza Mungu, au baada ya kumweleza utakavyofanya?"

Nilishindwa kumjibu. Akasema nirudi kwenye tafakari ileile kesho yake, na safari hiyo nisilitetee shamba.

Niseme sasa kwa nini naipa huduma ya mwongozaji huyu sifa ya juu kabisa. Katika siku zote nane hakuniambia hata mara moja kwamba niuze shamba, wala kwamba nisiliuze. Hakunisifu nilipolegea, hakunikemea nilipokuwa mgumu. Maelezo yake juu ya kifungu cha Maandiko hayakuzidi dakika tano, kisha aliniacha nikakutane nacho mwenyewe. Haya si matokeo ya tabia yake ya upole tu; ni masharti ya kazi. Inyasi anaagiza kwamba anayetoa mazoezi asimsukume anayeyafanya kwenye umaskini au ahadi yoyote kuliko kwenye kinyume chake, bali awe katikati kama ulimi wa mizani, na kumwacha Muumba ashughulike moja kwa moja na kiumbe chake. Mtu anaweza kushauriwa kutoa mali kwa wakati mwingine, na kushauriwa huko kukawa jambo jema. Ila ndani ya mafungo, moyo ukiwa laini na umefunguliwa, mkono wa mwongozaji haupaswi kugusa sahani. Kipimo nilichosema mwanzoni ni hicho.

Na kwa kipimo hicho siku ya sita ilinihuzunisha. Baada ya Masifu ya Jioni tuliambiwa kwamba kuna mgeni atakayetupa neno. Alizungumza vizuri juu ya yule kijana tajiri aliyeondoka kwa Yesu akiwa na huzuni kwa kuwa alikuwa na mali nyingi, akatukumbusha Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyeisikia Injili hiyo ikisomwa kanisani akagawa ardhi ya wazazi wake, na akatuuliza sisi tunashikilia nini. Watu waliokuwa kimya kwa siku sita walianza kulia. Hapo zikagawiwa fomu za ahadi kwa ajili ya ujenzi wa ukumbi mpya, kila mmoja akitakiwa kuandika jina, namba ya simu, kiasi na tarehe.

Pembeni yangu alikuwa kijana fundi seremala ambaye tulisafiri naye basi moja. Kabla ya kimya kuanza alikuwa amenieleza jinsi alivyokopa ili kununua mashine ya randa, na kwamba marejesho ni kila mwezi. Nilimwona akiandika, akasita, akaongeza sifuri. Na mimi niliandika: shilingi 500,000. Nilipokuwa nikikabidhi fomu ile nilijisikia mwepesi, na usiku kitandani nikaelewa wepesi ule umetoka wapi. Kwa kutoa laki tano nilikuwa nimejipatia ruhusa ya kutolifikiria shamba tena. Nilikuwa nimefanya hasa wanavyofanya watu wa kundi la pili, tena mara hii nikiwa na fomu yenye sahihi yangu.

Siwalaumu masista kwa kuhitaji ukumbi. Paa la bwalo linavuja, nimeliona, na nyumba kama hiyo haiwezi kuendeshwa kwa ada zetu peke yake. Wangetuomba siku ya kuondoka, simu zikiwa mikononi na akili zikiwa zimerudi nyumbani, ningetoa kwa moyo mweupe, na naamini wengi wangetoa. Lakini kuitumia Injili ya kijana tajiri, katikati ya mafungo, kwa watu waliokuja kupimwa na Mungu, kujaza fomu za ahadi, ni kugandisha nta chini ya sahani kwa mkono wa kanisa. Yesu alimwacha kijana yule aende zake. Hakumfuata na fomu. Nilimweleza mama mkuu wa nyumba jambo hili ana kwa ana kabla ya kuondoka. Alinisikiliza kwa heshima, akasema atalipeleka kwenye mkutano wao. Mwongozaji wangu, nilipomweleza siku ya saba, alisema tu, "Ile ahadi iweke pembeni, Mwalimu, mpaka ufike nyumbani uzungumze na mama." Baadaye nilisikia kwamba aliwaambia hivyo wote aliokuwa akiwaongoza.

Kasoro nyingine ni ndogo. Maji ya moto huchemshwa kwa kuni na kuletwa kwa ndoo saa kumi na moja jioni, kwa hiyo anayetaka kuoga asubuhi ajiandae kwa baridi kali. Siku ya tatu mafundi walikuwa wakipasua mbao nyuma ya jiko tangu asubuhi hadi saa nane, na katika nyumba inayouza kimya hilo lilipaswa kupangiwa juma jingine. Blanketi mbili hazitoshi mwezi wa sita na wa saba. Omba ya tatu mapema. Chakula, kwa upande mwingine, nakisifu bila masharti: ugali, maharage, mboga za bustanini, viazi, maziwa ya ng'ombe wao, na Jumapili kuku. Kula kimyakimya pamoja na watu kumi na wanne, huku sauti pekee ikiwa ya vijiko, kulinifanya kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nionje ladha ya maharage yenyewe, na nikaona kwamba aliyejinasua na vitu havichukii. Anavifurahia zaidi, kwa sababu havishikilii.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa ajili ya wasomaji wanaoogopa kwamba mafungo ya namna hii yatawarudisha nyumbani wakiwa watu wa huzuni, wanaodharau kazi na familia. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kupungukiwa na pia amejifunza kuwa na vingi. Yote mawili yanahitaji kufundishwa. Katika miji yetu tunahubiriwa sana kwamba gari na nyumba ni ushahidi wa upendo wa Mungu, na pembeni wako wanaohubiri kwamba kila kizuri ni mtego wa shetani. Katika siku nane sikusikia hata moja kati ya mafundisho hayo mawili, isipokuwa jioni ile ya siku ya sita.

Je, huduma hii inamfaa nani? Inamfaa mtu mwenye uamuzi mkubwa mbele yake, anayehama kazi, anayestaafu, anayefikiria wito, na mwenye afya ya kutosha kustahimili upweke. Washiriki wawili katika kundi letu walikuwa Walutheri, nao walipokelewa vizuri na waliongozwa kwa Maandiko yaleyale. Haimfai aliye katika msiba mbichi au msongo mkali wa akili. Huyo anahitaji watu karibu yake. Asiyeweza kuacha kazi kwa siku nane aulize kama nyumba anayoifikiria inatoa mafungo ya katika maisha ya kila siku, ambayo mtu husali saa moja au zaidi nyumbani na kumwona mwongozaji mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Inyasi mwenyewe aliyaruhusu kwa ajili ya watu wenye shughuli. Na kabla ya kulipa, kila mtu aulize maswali mawili waziwazi: mwongozaji ataniona peke yangu kila siku, na je, kutakuwa na michango ndani ya siku za mafungo? Nyumba inayojua kazi yake haitachukizwa na maswali hayo.

Asubuhi ya mwisho tulisali ile sala ya Inyasi ambayo mtu humwomba Bwana apokee uhuru wake wote, kumbukumbu yake, akili yake, utashi wake wote, na kila alicho nacho. Uhuru unatajwa kwanza, mali mwishoni. Kisha kikapu cha ukindu kikarudishwa mezani. Simu yangu ilipowaka ujumbe ulianza kuingia mfululizo, nami nikaupuuza kwanza nikampigia mke wangu, nikamwuliza yeye angependa tuishi wapi. Alinyamaza kwa muda, akasema tutazungumza nikifika.

Tumezungumza. Ile ahadi ya laki tano tumeipunguza hadi kiasi tunachokimudu wote wawili, nimekwisha kuituma. Shamba bado ni letu, hatujaamua. Jumamosi ijayo tunakwenda kuliona pamoja, na itakuwa mara yake ya pili kufika huko tangu nilinunue.